Choo cha babu yake Neema

Jumamosi, Msamala

Nisamehe, daftari langu, nimekaa sana bila kukuandikia. Mwanangu Neema anaumwa tumbo tena, na mimi situlii.

Leo katoa mnyoo mwingine, mrefu. Muuguzi alishaniuliza, "Mama, dawa tunampa kila mara, anaipata wapi hii minyoo?" Nikapokea dawa, nikaondoka. Najua ni wapi. Baba mkwe anajisaidia nyuma ya migomba, na Neema anacheza huko huko. Choo tunacho, ila kwetu mkwe na mkamwana hawachangii choo, ni aibu kubwa. Wa mjini wanatuita watu wa porini. Wacheke tu, lakini mwanangu...

Mimi na mzee hatusemeshani uso kwa uso. Basi jioni nikampakata Neema karibu na anapokaa mzee, nikasema kwa sauti, "Neema, mwambie babu shikamoo. Mwambie minyoo yako inatoka kule migombani. Mama anaomba babu apate choo chake."

Nikatamani ardhi inimeze. Mzee akakohoa.

"Neema, mwambie mama yako marahaba. Nitachimba. Majirani wakidhani nachimba kaburi langu, shauri yao."

Akachukua jembe kweli. Naogopa mgongo wake, naogopa mvua isije ikajaza shimo kabla halijafunikwa.

Kesho nimpigie baba Neema huko Tunduru kwenye korosho, atume sungo, lile bamba la zege la kufunikia shimo, bati mbili, misumari, sabuni ya kunawia, na dawa ya minyoo ya mzee. Hiyo aseme imetoka kwake, si kwangu.