Atieno, Ile Mashine Sikukupeleka

Atieno osiepna, rafiki yangu,

Umelala aje huko? Mazishi yako ilijaa! Watu wa soko ya Kibuye walikuja lori mbili. Shemeji yako analia, jicho iko kwa sufuria ya nyama. Halafu Awino wako akapewa nafasi ya kusema, akanisimamisha mbele ya watu wote. "Huyu ndiye alikuwa anapeleka mama yangu hospitali kila asubuhi. Sasa ndiye mama yangu." Wamama wa kanisa wakanipigia makofi. Mimi nikainama. Walifikiri ni uchungu.

Wacha nikuambie, maana huko uliko kichwa imerudi, na heri usikie kwangu.

Si tulikuwa tunakaa pamoja Kibuye, wewe na samaki, mimi na mitumba? Kijana mmoja akazama. Na hapa kwetu mtu akizama, hakuna wavu inaingia maji hiyo mpaka mwili ipatikane. Samaki zako zilitoka upande mwingine wa ziwa, mbali kabisa. Nilijua. Nilikuona asubuhi ukishuka nazo kwa gari ya huko. Lakini wateja wamejaa kwako, kwangu hakuna hata nzi, mdomo ikaniwasha. Nikasema, "Mnanunua hizo? Mnajua zimekula nani?"

Basi. Hiyo tu. Jioni zimeoza zote. Mwezi kuisha, meza yako iko na mtu mwingine na wewe uko Muhoroni unapalilia miwa. Miaka kumi na mbili ukiniona unatema mate.

Halafu ugonjwa wa kusahau ikakushika, Awino akakuleta kwake Obunga. Siku moja napita kwa mlango, ukaniita, "Osiepna, ulipotelea wapi?" Atieno! Nilicheka mpaka nikalia. Ulikuwa umesahau yote! Nikawa nakuja kila siku. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu.

Kumbe Awino amesikia kuna daktari mgeni anajaribu mashine. Hakuna kupasua, hakuna sindano. Ni mviringo wa waya tu, anaweka karibu na kichwa, inalia ta-ta-ta, ati ni sumaku inaamsha ubongo. Daktari hakudanganya mtu. Alisema inaweza kusaidia, inaweza kukosa, lakini mgonjwa aje kila asubuhi, asiruke. Awino anafundisha shule, akaniachia mimi hiyo kazi.

Siku tatu nilikupeleka. Ya tatu, tukitoka, ukanishika mkono, ukaniangalia sana. "Meza yangu ya Kibuye ilienda wapi?"

Kichwa ilikuwa inarudi. Kesho yake tukapita mlango wa hospitali bila kuingia, tukaenda ziwani kula samaki. Na kesho yake. Na kesho yake. Jioni Awino anauliza, "Mmeenda?" "Tumeenda, mtoto wangu." Wewe unachekacheka, mafuta kwa kidevu. Mpaka daktari akafunga mashine yake akarudi kwao. Awino akasema basi, imekataa tu. Akalia kwa bega yangu, mimi nampapasa mgongo.

Na wewe ukaendelea. Ukasahau kijiko, ukasahau choo, ukasahau jina ya Awino. Mwisho ukasahau kumeza. Hiyo sikujua mtu anaweza kusahau. Walahi sikujua.

Na kuna ile siku ulinitisha. Tuko pale ziwani, ukaweka samaki chini, ukauliza, "Hii imetoka maji gani?" Nikakuambia ni maji safi, kula. Ukakula. Mpaka leo sijui kama uliuliza tu, ama uliniuliza.

Jumamosi Awino anakuja kwangu, ati anataka kunipikia. Ananiita mama hata akiwa peke yake na mimi, hakuna mtu wa kusikia. Nakuahidi, Atieno, nitamwambia kabla sijatia tonge mdomoni. Najua atainuka, hatamaliza hata kuosha sufuria. Na huyu hatasahau, siku moja aniite kwa mlango vile wewe uliniita. Kichwa yake ni nzima.

Lala sasa, osiepna. Samaki zako zilikuwa safi. Zote.

Ni mimi,
Mama Odhiambo wa mitumba