Swali Lako Limefika Walikale

Papa wangu,

Leo siwezi kukaa chini. Kama simu yako ingekuwa bado inaita, ningekupigia kabla hata sijashuka kwenye pikipiki. Tangu tukuzike pale Bihambwe sijapata habari ya kunishinda kubeba peke yangu kama hii.

Unakumbuka likizo ile, mbele ya duka letu, uliponipa kalamu nene niandike majina ya wateja kwenye magunia ya lori la Walikale? Mimi na maringo yangu ya shule nikaandika "Kambale", nikageukia gunia lingine. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Masika, Kambale gani? Kwetu kila mutoto wa kiume wa pili iko Kambale. Andika mama yake njo nani." Nilikununia siku nzima.

Nikasomea kompyuta, nikafungua kampuni yangu ndogo ya hifadhidata. Kazi yetu ya kwanza: fishi za wagonjwa, zile kumbukumbu za matibabu yao, zitoke kwenye makaratasi yanayolowa mvua. Mwezi uliopita nikaenda kuijaribu kwenye kituo cha afya cha Walikale. Kumbe nilikuwa nimeiagiza mashine kwamba jina moja, kijiji kimoja, ni mtu mmoja! Muuguzi mkuu, Mama Furaha, akafungua fishi ya Kambale, akakuta watoto wawili wameunganishwa: mmoja penisilini inamdhuru, mwingine ameandikiwa penisilini. Akafunga kompyuta polepole.

"Dada, mashini yako imekula mutoto moja. Siku ingine itaua."

Akanipa nafasi moja tu ya kurudi. Niliona haya, Papa. Mnande mzima, nimesahau majina ya kabila letu.

Leo asubuhi nimerudi. Mama Furaha ameita "Kambale", akina mama watatu wamesimama na watoto wao. Ameandika jina, na kabla ya kitu kingine chochote skrini ikamuuliza: Mama yake njo nani? Akanitazama, akaanza kucheka.

"Hii ulizo, nani alikufundisha?"

Nikamwambia ni wewe.

"Basi acha mashini hapa. Na kule Masisi unapeleka siku gani?"

Pale ulipokuwa ukipeleka magunia, sasa kila mgonjwa anaulizwa swali lako. Nimekukosa sana leo. Nikipita Bihambwe nitasimama kwako kwanza, ndipo niende nyumbani.

Na kwa kuwa kwetu kila binti wa kwanza ni Masika, usije ukadhani barua hii ni ya Masika mwingine.

Binti yako wa kwanza,
Masika wa Mama Kahindo