Kumbe "collude" ni kula njama

Shoga, nimejiponza kwa mkono wangu mwenyewe.

Si unakumbuka zile dawa zilizopotea stoo ya hospitali? Leo tumeambiwa tuandike maelezo, tena kwa Kiingereza. Nilitaka kusema mimi na mzee wa stoo tulishirikiana kuzihesabu kabla hazijapotea. Nikaandika tuli-"collude". Nililisikia redioni, nikaliona neno la kisomi!

Daktari mkuu akasoma, akavua miwani. "Dada, unajua ulichoandika hapa?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Ndiyo, tulishirikiana."

"Hiyo ni kula njama. Ni kushirikiana kwa siri kufanya uovu."

Kula njama! Mimi na yule baba wa watu! Yaani nimekiri wizi kwa maandishi, na herufi nimepanga vizuri!

Nikamwomba karatasi nyingine. Akasema, "Ukibadilisha sasa, nitajuaje kwamba hamkukaa mkapanga?"

Umeona? Nikiacha hivyo, nimekiri. Nikibadilisha, tumepanga. Natokea wapi hapo?

Na mzee Kiingereza hakijui. Ameweka sahihi yake chini ya maneno yangu, mtu aliyefanya kazi miaka yote ile bila doa.

Tumekalishwa kwenye benchi nje ya ofisi, tunasubiri kuitwa. Nimemweleza maana ya lile neno huku machozi yananitoka. Akasema, "Mwanangu, mimi niliweka sahihi kwa sababu umeandika wewe."

Kisha akainuka taratibu, akaenda kukaa mwisho wa benchi, watu wasije wakatuona tunanong'ona.