Jina la Baba Kati ya Wafalme

Hekalu Jipya,
Abidosi.
Mwezi wa pili wa mafuriko, siku ya tisa.

Dada yangu mpendwa Tabesi,

Shikamoo. Mungu Khnumu akuweke salama huko kisiwani, akupe mkate na pumzi njema. Mguu wako unaendeleaje? Na shemeji Ipui, bado anakohoa? Mimi sijambo kidogo, ila nimechoka. Si uchovu wa kulala ukapona. Huu umehamia mifupani.

Kazi yangu ni ileile ya ukuhani. Kila asubuhi nasimama mbele ya ukuta wa majina, wafalme marehemu sabini na kitu, nawataja mmoja mmoja huku wenzangu wakiweka mikate, bata na pombe. Wafalme wakishashiba, chakula hicho ndicho tunachokula sisi. Basi nanenepa kwa baba za watu, dada, na wa kwetu anakaa na kiu.

Ujumbe wako aliniletea yule nahodha wa shehena ya mawe. Alisimama uani akausema kama ulivyomtuma, hakupunguza neno: "Mwambie mdogo wangu, mzee alinifukuza nyumbani na mimba yangu. Maji yangu namwagilia vitunguu."

Nilicheka, kisha nikakaa chini. Tangu kaka alipokufa, umebaki wewe tu unayeweza kuvuka mto ukammwagie mzee maji kaburini na kutaja jina lake. Mimi ruhusa nimeomba, nimenyimwa.

Juzi yakanikuta. Nilikuwa nasoma, macho mazito, nikafika katikati ya safu, ulimi ukateleza. Badala ya mfalme nikamtaja baba yetu, kwa sauti ileile ya heshima, na bata mzima akawekwa mbele yake. Mwenzangu Nebra, asiyejua kufunga mdomo, akaninong'oneza: "We Huya, huyo alitawala wapi?"

"Alitawala mbuzi wanne," nikamjibu. "Na wawili walikuwa hawamtii."

Walicheka mpaka mkuu wetu akagonga fimbo. "Anza upya," akaniambia. "Wote. Na huyo wa mbuzi abaki nje." Nikaanza upya, dada, safari hii bila yeye. Iliniuma kuliko siku tuliyomzika.

Wapo wafalme waliorukwa ukutani humu. Walikosana na waliokuja nyuma yao, basi hawakuchongwa. Mkate hawapati, maji hawapati, na hakuna anayewaulizia. Pengine walistahili. Na mzee pengine anastahili hasira yako. Nilikuwepo siku ile, niliona alivyokutupia mkeka wako nje.

Kwa hiyo sikuombi umsamehe. Hilo ni lako na yeye. Nakuomba mtungi mmoja wa maji na jina lake, basi. Mtu asipotajwa hufa mara ya pili, na wewe unalijua hilo.

Nisalimie shemeji, na binti yako Henuti, ambaye babu yake hakumpakata hata siku moja. Miungu ya kisiwa iwalinde nyote, na mto usiwapite bila kuwaachia udongo mzuri.

Atakayekusomea barua hii hatakuwa na budi kutaja jina la mzee akifika mwisho. Najua utanyanyua mkono umnyamazishe. Muache amalize.

Wako akupendaye,
Huya mwana wa Panehesi