Tulimpeleka kwa Tipa la Mchanga

Jumatano, asubuhi. Ukungu mzito. Nimekaa mlangoni pa karakana na barabara ya kwenda hospitali siioni, nasikia tu bodaboda zikipita. Mgongo unauma. Nimeosha nywele mara mbili na bado nikipitisha kidole naokota punje za mchanga.

Leo saa sita mchana natakiwa kuwa Omurushaka kusaini mkataba wa gari. Sijui kama nitakwenda. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia, na kwa sababu nikiyaacha kichwani yanazunguka tu.

Anayenisoma hapa kwa mara ya kwanza ajue kwamba natengeneza majeneza. Karakana iko Nyakahanga, hatua chache kutoka hospitali. Aliianzisha mume wangu, Leonidas, na tangu afariki naiendesha mimi pamoja na Fundi Laurian, mzee aliyeshika randa kabla sisi hatujaoana. Watu wanaofiwa hospitalini wanataka vitu viwili: jeneza, na gari la kumfikisha mtu wao nyumbani. Jeneza ninalo. Gari nakodi kwa wengine, kila mara, na kila mara naomba Mungu mwenye gari asibadilishe mawazo.

Ndiyo maana nataka gari langu. Noah iliyochoka inanitosha, nitaing'oa viti vya nyuma mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikwenda tena benki, Kayanga. Ilikuwa mara ya tatu. Nilivaa gauni la kanisani na nikabeba daftari la karakana, picha za mashine na barua ya mtendaji. Afisa mikopo ni binti mdogo, mpole, alinipa shikamoo na kunivutia kiti. Akaandika namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta. Akasoma mara mbili. Nikajua.

"Mama, mfumo bado unaonyesha una mkopo chechefu."

Neno hilo, chechefu, yaani mkopo ulioshindwa kulipika, nilikuwa silijui kabla ya mwaka huu. Sasa nalijua kama jina langu la ubatizo. Tulikopa kwenye taasisi moja ya mikopo ili tununue mashine ya randa. Leonidas akaanza kuumwa ini. Miezi minane sikupeleka marejesho hata mara moja, kila kilichoingia kiliishia kwenye dawa na safari za Mwanza. Alipofariki niliuza ng'ombe wawili, nikaendelea kulipa kidogo kidogo kwa wakala mpaka nikamaliza. Nilimaliza kweli. Lakini mfumo unakumbuka miezi minane ya kushindwa, huo mwisho wa kumaliza haujui.

Nilimwambia yule binti hayo yote. Alinisikiliza, kisha akasema kitu ambacho nadhani alikisema kwa nia njema.

"Hata jina lingekuwa safi, mama, gari lenyewe ni la kubeba maiti. Ukishindwa tukalikamata, nani atalinunua kwenye mnada?"

Nilifunga daftari langu nikaaga.

Halafu kuna Projest. Projest anauza magari yaliyotumika pale Omurushaka na anakopesha mwenyewe. Haangalii mfumo wowote. Anataka theluthi ya bei mbele, na hiyo nimeikusanya, usiniulize kwa njaa gani. Kinachobaki nalipa kila Jumatatu. Kadi ya gari anabaki nayo, na mashine zangu za karakana zinakuwa dhamana. Hayo yote nilikubali bila kubishana. Mtu aliyekataliwa mara tatu hana mdomo wa kubishana.

Kilichonisimamisha ni kifaa. Chini ya usukani kuna kifaa kidogo, na siku mbili baada ya Jumatatu kupita bila malipo, gari linazimika. Popote lilipo. Mkataba umeandika hivyo hivyo, popote lilipo.

Nilimuuliza, "Na kama ndani kuna marehemu?"

Akacheka. "Basi, mama, usichelewe kulipa."

Akanipa mpaka leo saa sita nifikirie, maana kuna mteja mwingine anaitaka hiyo Noah.

Nilikuwa bado nafikiria jana, Jumanne, yalipotokea haya.

Juzi jioni alikuja Mzee Rwegasira kutoka Nyakakika. Mke wake alikuwa amefariki hospitalini. Alikuja na binti yake mkubwa, Anisia, wakachagua jeneza la mbao za msonobari, wakalipia jeneza na usafiri. Nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba kesho yake saa tatu asubuhi gari litakuwa mlangoni pa chumba cha maiti. Mazishi yalipangwa saa nane.

Saa tatu ilifika. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mwenye pikapu niliyemkodi hakupokea simu. Saa nne akapokea.

"Samahani dada, nimepata mzigo wa maharage. Wanalipa mara mbili."

Nilitukana. Nakiri hapa. Nilimtukana mpaka Fundi Laurian akatoka nje kwa aibu. Kisha nikaanza kupiga simu kwa kila mtu mwenye magurudumu manne kutoka hapa mpaka Kayanga. Mmoja gari liko gereji. Mwingine alisema barabara ya Nyakakika kwa mvua ile haendi. Mwingine aliposikia ni maiti akasema hapana, gari lake linabeba vyakula.

Mzee Rwegasira alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi karibu na chumba cha maiti, koti limelowa. Kila nilipopita alisimama, akidhani gari limefika. Kila mara nilimwambia "bado kidogo, baba," naye akakaa tena. Mara tano au sita. Hakulalamika. Ningeshukuru kama angelalamika.

Saa saba likapita tipa, tupu, linatoka kumwaga mchanga kwenye jengo fulani. Nilisimama katikati ya barabara. Sikupunga mkono, nilisimama tu. Dereva alipiga breki, akafungua dirisha akaniuliza kama nina wazimu.

Nikamwambia nina marehemu.

Alikuwa mtu mzuri, sikumuuliza hata jina. Alitaka hela nyingi kuliko zile walizolipa wafiwa, nikaongeza yangu. Tulifagia mchanga kwa mifagio ya karakana lakini ulikuwa umelowa, umeganda kwenye pembe. Tukatandika turubai. Wanaume wanne wa ukoo waliokuja kwa bodaboda wakapandisha jeneza, na Anisia akapanda nyuma akakaa kando ya mama yake. Mimi nikapanda naye. Sikuweza kukaa mbele pakavu na dereva wakati uongo ule wa saa tatu ulikuwa wangu. Mbele alikaa Mzee.

Njia nzima Anisia alikuwa anafuta mchanga juu ya jeneza kwa kitenge chake. Tukipita shimo, mchanga unaruka, anafuta. Shimo jingine, anafuta. Mahali fulani kwenye mteremko jeneza liliteleza, tukalilalia wote wawili kulizuia, uso wangu ukiwa juu ya vanishi niliyoipaka mwenyewe.

Nitaeleza kilichotokea tulipofika, na sitakielezea vizuri.

Watu walikuwa wengi uwanjani, wamekaa chini ya migomba na maturubai, wanasubiri tangu asubuhi. Sisi tulikuwa chini, nyuma ya kuta za chuma, hakuna aliyetuona. Waliona tipa tu, na Mzee mbele alifichwa na vioo vilivyojaa mvuke. Wakadhani ni mchanga wa kujengea kaburi.

Hakuna aliyelia. Nilisikia mtu anasema, "Afadhali, saruji ilikuwa inasubiri mchanga." Kisha sauti ya mwanamume ikamwelekeza dereva, "Rudi nyuma, rudi, rudi, mwaga hapo hapo karibu na shimo." Na dereva, nadhani kwa mazoea tu, akaanza kurudi nyuma.

Nikasikia mlango wa mbele umefunguka gari likiwa bado linatembea. Ni Mzee Rwegasira. Alikuwa amesimama kwenye kipandio, ameshikilia kioo, anapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Usinyanyue! Usinyanyue! Ni mke wangu! Usinyanyue!"

Gari likasimama. Kisha Anisia akainuka, watu wakamwona amesimama mle ndani, amejaa mchanga mpaka kwenye kope, na hapo ndipo uwanja mzima ukalipuka kwa kilio. Baadhi ya wanawake walianguka chini.

Walimshusha kwa mikono. Wengi walitaka kushika. Wakamzika saa kumi, mvua ikiwa imepungua.

Nilitaka kuondoka bila kuonekana. Nilikuwa nimesimama karibu na barabara natafuta bodaboda, Mzee akanifuata. Nilijiandaa kutukanwa. Niliyataka hayo matusi, yangenisaidia.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, mwanangu. Umemfikisha."

Kisha akaniuliza, siyo kwa lawama, kama mtu anayetaka kuelewa tu, "Kwani wewe huna gari lako?"

"Sina, baba. Benki wamekataa kunikopesha. Jina langu limechafuka."

Alinitazama kwa mshangao. "Limechafuka? Mbona huku kwetu tunalisikia vizuri tu?"

Nililia kwenye bodaboda mpaka Nyakahanga, na dereva wa bodaboda kwa heshima akajifanya haoni.

Njiani niliamua. Nitasaini. Kifaa wakiweke chini ya usukani, wakiweke hata kwenye shingo yangu, lakini tipa la mchanga halitambeba tena mtu aliyenilipa mimi. Nilifika nyumbani nikiwa na uhakika huo, nikanywa uji, nikaoga.

Asubuhi hii nimeusoma mkataba tena. Popote lilipo. Na nikaona wiki mbaya, maana wiki mbaya zipo, wiki ambazo namshukuru Mungu hakuna aliyekufa na wakati huo huo najiuliza nitakula nini. Nikaona Jumatano yake. Nikaona Noah imezimika kwenye mteremko wa Nyakakika, au mbali zaidi, njia ya Nyakatuntu kule Kyerwa ambako simu yenyewe inashika kwa kubahatisha, na Anisia mwingine amekaa nyuma, ananiuliza kwa nini tumesimama.

Hapo niliacha kuandika, nikampigia Projest saa moja na nusu. Nilimwomba jambo moja tu. Kabla ya kuzima, anipigie, aniulize kama kuna mtu ndani.

"Mama, sio mimi ninayezima," akasema. Hakuwa anacheka leo. "Kinazima chenyewe. Mimi mwenyewe siwezi kukizuia, kimeunganishwa na walionikopesha mimi."

Kumbe na yeye anadaiwa.

Nikamwambia amuuzie yule mteja mwingine.

Nilikata simu, na sitajifanya shujaa hapa: moyo ulinidunda kwa hofu, siyo kwa amani. Nilitaka kumpigia tena papo hapo nimwambie nilikosea.

Kabla sijaamua, wakaingia watu watatu kutoka Nyakatuntu, ndugu. Baba yao amefariki alfajiri. Wakatazama majeneza, wakachagua lile la mninga ambalo limekaa miezi. Kaka mkubwa akaniuliza swali ambalo wote huuliza.

"Na gari lipo?"

Miaka yote nimejibu lipo.

"Halipo," nikasema. "Jeneza ninalo, gari sina. Naweza kuwasaidia kutafuta la kukodi, lakini siwezi kuwaahidi."

Wakatazamana. Wakaniambia kwa adabu kwamba watazunguka kidogo kwanza. Kuna mtu Kayanga ana karakana na ana gari lake. Sote tulijua wanakwenda wapi. Sikuwazuia. Niliwapa pole tena nikawasindikiza mpaka barabarani, na ukungu ukawameza.

Fundi Laurian alikuwa ameyasikia yote kutoka kwenye benchi lake. Hakuniambia neno la kunifariji, hana hayo mambo. Alipuliza unga wa mbao kwenye randa, akasema, "Wale waliotukopesha mashine walihamia Bukoba. Ofisi yao iko karibu na stendi. Niliwaona mwaka jana nilipokwenda kumwona mwanangu."

Nilijua. Kwa muda mrefu nimejua.

Yule binti wa benki aliniambia tangu mara ya kwanza kwamba ni wao tu wanaoweza kupeleka taarifa kwamba nimemaliza. Sijawahi kwenda. Niseme ukweli wa kwa nini, kwa kuwa leo nimeanza kuusema. Leonidas alipokuwa anaumwa, maofisa wao walikuwa wanakuja hapa karakanani kunidai, nami nilikuwa najificha. Nilimfundisha Fundi Laurian kusema nimesafiri. Siku moja nililala ndani ya jeneza, nikafunika kifuniko nikaacha upenyo wa kidole, nikawasikiliza wakimwambia mume wangu mgonjwa kwamba mke wake ni tapeli. Na sikutoka. Aliwajibu peke yake, kwa sauti ya mtu asiye na pumzi, na mimi sikutoka.

Hilo ndilo linalonizuia kwenda Bukoba. Siogopi kwamba watanikatalia. Naogopa kwamba mmoja wao atanikumbuka.

Stakabadhi zote ninazo, nilizihifadhi kwenye mfuko wa koti la Leonidas, zimefungwa kwa raba. Basi la kwanza kesho linapita hapa saa kumi na mbili asubuhi. Huenda wataniambia nirudi wiki ijayo, na wiki nyingine baada ya hiyo. Huenda hata wakilisafisha jina, benki itarudi kwenye ile hoja yake ya mnada. Sijui karakana itakuwa hai mpaka lini bila gari.

Nimemwambia Fundi Laurian kwamba kesho akija mtu kuniulizia, amwambie nimekwenda Bukoba. Amenitazama, akaelewa kwamba safari hii ni kweli, akarudi kwenye mbao zake.

Naogopa. Nitakwenda hivyo hivyo.