Mwambie Daktari Ni Jua

Mama Chebet wangu, uliye huko hospitali ya mbali,

Barua hii nimeandika mwenyewe, herufi kubwa kama kwato. Karani nimemkataa. Nesi atakayekusomea asome kwa sauti, na daktari awe karibu.

Unakumbuka mabaka yalivyoanza? Kiunoni, chini ya matiti, na mgongoni pale kikapu cha chai kinapokaa. Wekundu uliofifia, ngozi nyembamba, imekunjamana, inawasha mpaka unajisugua kwenye mlango kama ndama. Mikono na shingo, safi kabisa. Nikasema ni upele tu. Kwani hapa Kimulot nani anajua ngozi kunishinda? Ng'ombe wa watu wote wanaletwa kwangu. Nikakupaka mafuta yangu ninayotibia ng'ombe. Hayakufanya kitu. Hata kuandika hivyo mkono unakataa.

Wewe ndiye uliona. Asubuhi kabla ya mvua, ulikaa kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba ukaupa jua mgongo. Mabaka yakaanza kufifia. Ukaniita, "Baba Chebet, tazama. Mahali jua linafika panapona."

Lakini jirani yetu alikuwa amepita akakuona. Kwenye josho la ng'ombe akaniuliza mbele ya wazee, "Siku hizi unaanika bibi kama wimbi? Akikauka utamsaga?" Wakacheka mpaka wakashikilia fito. Mimi, wa kuchekwa! Nikarudi, nikapasua kigoda chako kwa shoka, nikakuambia usitoke tena bila nguo mgongoni. Ukasema, "Sawa." Basi.

Mabaka yakarudi, yakawa manene, halafu yakatoka mavimbe kama viazi vidogo. Watu wakanong'ona ukoma. Daktari akakata kipande cha ngozi kikapimwa kwa darubini. Si ukoma, akasema, na ugonjwa huu hauambukizi. Ni kansa ya nadra: chembe za damu zinazolinda mwili zimeharibika, zimejaa ndani ya ngozi. Uliposema mgongo uliwahi kupata nafuu, akauliza tulifanya nini. Ukanitazama, ukanyamaza. Uliniachia mimi niseme.

Nikasema, "Ni mafuta yangu."

Sasa ameagiza nimletee mkebe ayachunguze. Nimeutoa, nimeurudisha, nimeutoa tena. Siuleti.

Daktari, ni jua. Mke wangu aligundua, mimi nikamnyima kwa sababu ya kicheko cha wanaume. Kama kuna kitu unaweza kufanya na habari hiyo, fanya, usiningojee.

Mama Chebet, nimechonga kigoda kingine. Nimezungusha ua wa mianzi nyuma ya nyumba, hakuna mtu Konoin nzima ana ua kama huo, hilo siwezi kuficha. Jirani haoni kitu. Juu nimeacha wazi. Jua linaingia mapema, na kuku mwekundu amezoea kukalia kigoda. Namfukuza kila asubuhi. Anarudi.

Nitaendelea kumfukuza mpaka uje.

Ni mimi, uliyeninyamazia,
Baba Chebet