Silinda Hedi ya Pikapu Iliyo Nyuma ya Jiko

Mkuyuni, Mwanza

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta kile kikohozi kimekwisha, na goti la Mama linamruhusu kufika shambani mwenyewe. Mimi ni mzima. Iliyougua ni pikapu yangu, na kwa kuwa umeendesha malori ya ushirika miaka mingi, nakueleza yote yalivyotokea, pamoja na kosa langu.

Jumanne ya wiki iliyopita nilitoka Sengerema na masanduku sita ya sangara. Nilikuwa nawahi kivuko cha saa tisa, maana samaki wakilegea, kiwandani hawapokelewi. Kwenye mlima wa mwisho gari likachemsha. Maji sikuwa nayo. Nilikuwa na barafu iliyoyeyuka kwenye masanduku, nikaimimina kwenye rejeta injini ikiwa bado ya moto. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama sahani inayopasuka.

Fundi Masanja, jirani yangu mwenye gereji hapa Mkuyuni, aliifungua silinda hedi kutoka juu ya injini, akakuta ufa kati ya valvu mbili. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe injini nayo ni sangara, unaiwekea barafu isioze!" Kisha akasema, "Chagua. Tuichomelee, au ukanunue nyingine."

Nilitaka nyingine. Wakala wa kiwanda alishaniambia nikikosekana wiki mbili, kazi ya Sengerema anampa mwenye lori jipya. Na siku hizi si kama enzi zenu. Maduka ya Mirongo yamejaa vipuri vilivyotumika Japani, vimepangwa mpaka barazani. Nikapata silinda hedi iliyopakwa rangi ya fedha, inang'aa. Nikaomba kuipima kwa njia yako: mafuta ya taa upande mmoja, chaki upande wa pili.

"Mzee, kitu cha Japani unakipima kwa chaki?" muuzaji akasema. "Hapa ni shule ya msingi?"

"Kama ni nzima, chaki itabaki kavu."

Tulisubiri robo saa. Mstari wa unyevu ukatokea kwenye chaki, mrefu kuliko ufa wangu. Muuzaji akautazama.

"Hilo ni jasho, mzee. Joto la Mwanza."

Nikamshukuru, nikarudi kwa Masanja. Aliichomelea ile ya kwangu, akaifukia kwenye majivu ya moto ipoe taratibu mpaka kesho yake. Tukaipima, chaki ikabaki kavu. Jana nimevuka na kurudi, na samaki wamepokelewa wote. Lakini Masanja hanifichi. "Hiki ni kiraka. Mwezi mmoja, labda miwili, kama hukimbii."

Ndiyo sababu naandika. Pikapu yako iliyo nyuma ya jiko ni ya aina ileile. Ilisimama nikiwa darasa la sita kwa sababu gia boksi ya kuifaa haikupatikana nchi nzima, lakini injini yake haikuwahi kuchemsha hata siku moja. Najua kila Krismasi unasema utaifufua. Silinda hedi ikitolewa, haitafufuka tena. Sitaki kujifanya sijui ninachokuomba. Ukikataa, nitaendelea na kiraka changu na sitauliza mara ya pili.

Ukikubali, usimpe mtu wa melini aniletee. Njoo nayo mwenyewe. Nimemwambia Masanja kwamba nati za hiyo silinda hedi zina mtu wake wa kuzikaza, naye ameshasafisha spana. Siku ya kwanza utaendesha wewe mpaka Sengerema. Mimi nitakaa nyuma na samaki.

Nisalimie Mama, na dada Koku, umwambie shuka alizonishonea zimefika. Shangazi naye mpe shikamoo yangu, na kuku wanaotagia kwenye kiti cha dereva uwatafutie tenga.

Mwanao,
Kamugisha

Debe la maji ya rejeta nimeshanunua. Halitoki garini.